Mlio wa Nyuma Kushoto

Ninyi wa Gatsata mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nilimwambia kipande. Huyu nilimpa habari ya ziwa, yule habari ya basi, na sasa nasikia vipande vyangu vimeungwa vibaya huko gereji, mpaka kuna anayesema Mama Solange alizimia ndani ya maji. Hakuna aliyeingia majini. Kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu, zile kurasa zilizobaki nyuma, niandike yote mara moja mpokezane. Atakayelipaka grisi atajulikana.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichogombania spana pamoja, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda wa Tanzania, na mimi niliyekulia Buyenzi kule Bujumbura nikaachia shule darasa la nne. Mwandiko wangu mnaujua. Pale herufi zinapolala mjue nilikuwa nimechoka.

Kabla sijaondoka nyumbani niwaambie mambo mawili ya mke wangu, bila hayo hamtaelewa kitu. La kwanza, ana sukari. Kila asubuhi anajichoma sindano, halafu ndani ya nusu saa lazima ale. Muuguzi alituambia sindano bila chakula ni kama gari bila breki kwenye mteremko. Alisema hivyo kwa kuwa alijua kazi yangu.

La pili, Mama Solange hali mbele ya watu. Alilelewa na bibi yake, na yule bibi alitoka Rwanda zamani akiwa amebeba watoto na adabu, hakubeba kitu kingine. Alimfundisha kwamba mtu mzima anayetafuna njiani amejivua nguo. Harusini mke wangu hupokea sahani akaishika mpaka chakula kinapoa, kisha humpa jirani. Wageni wakija kwetu yeye anakula jikoni. Hata mimi, miaka arobaini na mmoja ya ndoa, akila hunipa ubavu. Mwanzoni nilidhani ananichukia.

Basi binti yetu Solange, aliye Dar es Salaam, alisikia mama yake amechoka tangu ule ugonjwa wa mwaka jana, akasema mtakwenda Karongi, kando ya ziwa Kivu, siku mbili, ninyi wawili, msifanye lolote. Alipanga yote kwa simu. Mimi sijawahi kwenda mahali ili nisifanye lolote, lakini nilikubali.

Kutoka Busanza mpaka Nyabugogo, na uji uliobaki mezani

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mama Solange alijichoma sindano, akamimina uji kwenye bakuli, uji ukawa wa moto. Akasubiri upoe. Mara teksi aliyoipanga Solange ikapiga honi mlangoni, nusu saa kabla ya wakati. Kijana wa teksi anasema ana mteja mwingine wa uwanja wa ndege, twende sasa au tubaki. Mimi nikaanza kukimbizana na viatu. Mke wangu akatazama bakuli, akatazama mlango uliokuwa wazi na dereva amesimama pale akichungulia ndani, akafunika uji kwa sahani.

Nikamwambia anywe. Akasema atakula tukifika, kwani Karongi tutafika saa mbili.

Hapo ndipo ningemlazimisha. Nayaandika ili msidhani najitetea. Nilikuwa naogopa kuachwa na basi pale stendi ya Nyabugogo, hiyo ndiyo sababu yote.

Na peremende, mtauliza. Muuguzi alisema tusitoke nyumbani bila peremende mfukoni, akianza kutetemeka apewe. Peremende zilikuwepo. Nilizila kanisani Jumapili iliyotangulia, mahubiri yalikuwa marefu. Mnajua nyote jinsi padri wetu anavyozunguka kabla ya kufika, ingawa mimi si wa kumcheka mtu kwa hilo.

Alikuwa na mfuko wake mkubwa wa kitenge, mzito, hakuniruhusu niubebe. Nilidhani ni nguo. Wanawake na nguo, nikasema moyoni.

Kutoka Nyabugogo mpaka kona za baada ya Muhanga

Basi lilikuwa kosta, safi, viti havijachanika. Dereva aliitwa Inosenti, mwanamume wa makamo, shingo nene, msema machache. Mfuko wa mke wangu haukuenea miguuni mwetu, wakausukuma nyuma kabisa chini ya kiti cha mwisho, upande wa kushoto. Kumbukeni hapo.

Kabla ya kuondoka Inosenti alitutangazia kwamba leo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuna umuganda, kazi ya pamoja ya nchi nzima, kwa hiyo atakwenda bila kusimamasimama ili tufike kabla ya saa mbili, maana saa mbili barabara zinafungwa na kila mtu anashika jembe mpaka saa tano. Nilishtuka. Tangu waliponiambia mzee wewe kaa tu, umri wako umepita, nimepoteza hesabu ya Jumamosi. Solange naye aliko Dar hilo halikumjia kichwani. Lakini nikatulia, dereva amesema tutawahi.

Tukavuka Nyabarongo, maji mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Tukapanda Kamonyi, ukungu umekaa mabondeni, juu mikaratusi inatoka kama brashi. Mke wangu alikuwa dirishani. Akaniambia kwamba hajaketi nami ndani ya gari bila mimi kushika usukani au kuwa chini yake tangu tulipohama Bujumbura. Nikahesabu, nikaona kweli. Ilikuwa asubuhi nzuri na mimi ndiye niliyeiharibu, sasa nitasema vipi.

Baada ya Muhanga barabara inaanza kujisokota. Na kwenye kona ya kwanza nikasikia nyuma kushoto: kang. Kona ya pili: kang, kang. Ya tatu tena. Ninyi mnanijua. Watu waniita Mzee Springi si kwa ajili ya kuruka. Miaka thelathini na mitano nimelala chini ya magari pale Gatsata, gari ikipita barabara ya juu naweza kukuambia ni pleti ya ngapi ya springi imekatika. Na chuma kilichogonga kile nikakijua, nikasema hiyo ni pleti mama, ile ndefu inayobeba zote, imekatika, na mbele kuna kona na makorongo.

Nikainuka nikamwambia Inosenti. Akasema, "Mzee, gari iko sawa. Imetoka gereji juzi."

Nikamwambia gereji ndiko zinakotoka zikiwa mbaya. Akacheka kidogo, akaendelea. Kang. Basi nikageukia abiria, na hapa nilikosea zaidi, nikaanza kuwasimulia kisa cha lori moja nililolijua na kona moja niliyoijua. Nilikieleza vizuri. Mama mmoja mwenye mtoto akaanza kumwomba Mungu kwa sauti, na mwanamume mwenye suti akamwambia dereva asimame au ateremke yeye. Inosenti akasimama.

Mke wangu wakati wote huo alitazama nje ya dirisha. Nilidhani ananionea fahari.

Tuliposimama kwa ajili yangu

Nikavua koti la kanisani nikampa ashike, nikaingia chini. Nilichukua jiwe nikagonga pleti moja moja nikisikiliza. Kulia nzima. Kushoto nzima. Nikagonga bushi, nikatikisa shokapu, nikapapasa boliti zote. Sikuamini, nikaanza tena kutoka mwanzo. Abiria walikuwa wamesimama kando ya barabara wakipiga miayo, na Inosenti amechuchumaa ananimulikia kwa simu, bila neno, na kila nilipotoa kichwa niliiona saa yake ya mkononi karibu na pua yangu.

Dakika arobaini. Nilipotoka nikasema iko salama, kama vile mimi ndiye niliyeifanya iwe salama. Mwenye suti akasema, "Asante mzee, sasa tutalima wote."

Hakuna aliyecheka, maana ilikuwa kweli.

Tukaingia, tukaenda, na kona ya kwanza tu: kang. Basi zima likanitazama. Nikafumba macho kama mtu anayesali.

Tuliposimama kwa ajili ya nchi nzima

Saa mbili ilitukuta kwenye senta moja ndogo juu ya kilima, maduka matano na shule. Mkuu wa mudugudu, yaani mkubwa wa kijiji chao, alikuwa katikati ya barabara na viatu vya mpira na kipaza sauti. Mama mnene wa uso mchangamfu. Akamwambia Inosenti aweke gari pembeni, abiria wateremke, majembe yapo. Walikuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua kando ya shule, watu kama mia moja, kilima kizima kilikuwa pale. Inosenti akafunga gari, funguo akatia mfukoni, akashuka mferejini na wengine. Wakapewa majembe wote, hata mwenye suti.

Sisi wawili tukaambiwa wazee wapumzike. Tukakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, tumetazamana na kilima chote kama wageni wa heshima.

Haikupita nusu saa nikaona jasho kwenye mdomo wa juu wa mke wangu. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikatazama mikono yake, ameifumbata kwenye kitenge ili isionekane, kitenge kinatikisika. Nikaelewa. Mwaka jana alianza hivihivi, na akafika hospitali hajui jina langu.

Nikapekua mifuko nikijua hakuna kitu. Nikagonga mlango wa duka, mwenye duka yuko mferejini. Nikamwambia nakwenda kumwita mwenye duka atufungulie tupate soda. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa kama samaki.

"Baba Solange, chakula kipo," akasema.

"Kipo wapi?"

"Ndani ya basi. Ule mfuko. Nilipika ndizi na maharage jana, nimeweka kwenye sufuria, tule hotelini tukifunga mlango." "Mfuniko haukai vizuri. Ndio uliokuwa unagonga."

Nilimtazama. Dakika arobaini nimelala kwenye vumbi na yeye ameshika koti langu, anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Niseme mbele ya watu wote wale kwamba nimebeba sufuria?"

Sikukasirika. Nataka mliamini hilo. Hofu ilikuwa imejaa, hasira haikupata pa kukaa.

Nikashuka mferejini. Kumwendea mtu uliyemcheleweshea safari, ukamwomba funguo mbele ya abiria uliowatisha bure, si kazi ndogo, mnaona. Nilisema yote kwa mpigo, kwamba springi haikuwa na kosa, ni sufuria ya mke wangu, na mke wangu sukari imeshuka na lazima ale sasa hivi. Inosenti aliegemea jembe. Nikadhani atanipa maneno, na ningeyapokea. Akasema tu, "Sufuria," kama mtu anayejifunza neno. Halafu akakimbia. Mwenye shingo ile, akakimbia mlima.

Sufuria ikaja. Nikafungua mfuniko, kijiko kilikuwa ndani, ndizi zimeganda na maharage. Nikamtilia kijikoni. Akageuza uso.

Watu walikuwa wameacha kuchimba. Si kwa ubaya, mtu akiugua watu hutazama. Mia moja, wameegemea majembe, wanatutazama sisi wawili na sufuria. Nikamwomba ale. Nikamwambia twende ndani ya basi, akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Nikamwambia habari ya bibi yake, maneno ambayo sitayaandika hapa. Akasema, "Siwezi. Wananitazama kinywani." Na machozi yalikuwa yakimtoka, si ya ugonjwa, ya aibu, na mikono inatikisika hivi kwamba bangili zinalia. Alikuwa tayari kufa na adabu yake, na mimi nimeshika kijiko hewani.

Mkuu wa mudugudu alikuwa amefika karibu. Aliinama akamsikiliza. Hakumbembeleza wala hakumgombeza. Akamwambia, "Mama, mimi pia nililelewa na bibi." Akainua kipaza sauti chake, akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ileile aliyogawia majembe: wote wageuke watazame kilima cha pili, mpaka awaambie.

Wakageuka. Niliona kwa macho yangu. Mia moja na abiria wote, mwenye suti, mama na mtoto wake, Inosenti, naona migongo tu, majembe begani, kama watu wanaosubiri kitu kitokee upande wa pili wa bonde. Mkuu mwenyewe akageuka.

Mke wangu akanitazama. "Na wewe."

Nikageuka.

Kilima cha pili kilikuwa na migomba, na mbuzi mmoja mweupe, na nyumba inayojengwa. Ningeweza kuwachorea. Nyuma yangu hapakuwa na sauti. Halafu nikasikia kijiko kimegusa sufuria. Kimya. Kikagusa tena. Jamani, nimesikiliza chuma maisha yangu yote, lakini sijawahi kusikiliza chuma kama nilivyosikiliza kile kijiko. Nilihesabu. Cha saba, cha nane. Kisha kikanyamaza, kikanyamaza muda mrefu, sikuthubutu kugeuka. Mbuzi akahama kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Cha tisa. Alikuwa anapumzika tu.

Kilipogusa mara ya ishirini na kitu nikasikia anakwangua chini, na mtu anayekwangua chini ya sufuria hafi. Nikacheka peke yangu. Nikamsikia mkuu wa mudugudu naye anacheka mbele yangu, mabega yanamruka. Mke wangu akafunika sufuria, mfuniko ukasema kang, na wote mia moja wakaelewa kuwa amemaliza, wakageuka bila kungoja kipaza sauti.

Mimi nilichukua jembe nikachimba mpaka saa tano. Walinikataza. Nilitaka.

Karongi

Kumbe mlikuwa mnataka habari ya ziwa. Ziwa ni kubwa. Lina visiwa vingi kama mtu aliyemwaga viazi. Tulifika saa saba mchana, na mahali penyewe ni pazuri kupita umri wetu. Kitandani walikuwa wametandaza maua mekundu na kukunja taulo mbili zikawa ndege wanaobusiana. Mke wangu alikusanya maua yote akayarudisha mapokezi akidhani yamemwagika kwa bahati mbaya. Binti wa mapokezi akaeleza ni kwa ajili ya maharusi. Mke wangu akamwuliza ni maharusi gani, chumba kile ni chetu.

Tulilala mchana, sote wawili, kama watoto. Tukakaa uani kutazama maji. Mimi nilidumu saa moja bila kufanya lolote, kisha nikatengeneza bawaba ya dirisha lao. Sambaza za kukaanga, vile visamaki vidogo vya Kivu, tulikula chumbani tumefunga mlango, yeye akanipa ubavu kama kawaida, na mimi nikasema Mungu asante, ubavu huo nusura niukose.

Jumapili asubuhi chakula cha hoteli kilikuwa nje, meza zimepangwa juu ya maji, watu wengi, Wazungu pia. Nikamwambia mhudumu atuletee chumbani. Mama Solange akasema hapana, tukae pale mwisho. Akachagua kiti kinachotazama ziwa, mgongo kwa watu. Akala yai na nusu ya mkate. Mtu akipita alikuwa anasimamisha taya mpaka apite. Nilimwaga chai yangu kwa kujizuia nisiseme kitu.

Kurudi, na kilichosikika

Jumapili mchana tulipanda basi la kurudi, na nani yuko kwenye usukani kama si Inosenti. Aliuchukua ule mfuko wa kitenge mwenyewe, akaufungua bila kuomba ruhusa, akatoa kamba mfukoni, akafunga mfuniko kwenye sufuria mafundo mawili, akauweka miguuni petu. Mke wangu alimshukuru akitazama chini.

Tulipofika ile senta alipunguza mwendo akasimama. Mfereji ulikuwa umekwisha, udongo mwekundu umelazwa sawasawa. Mkuu wa mudugudu hakuwepo, labda alikuwa kanisani. Wanawake walikuja madirishani na vikapu, wanauza karanga za kukaanga kwenye karatasi. Mke wangu akafungua kioo akanunua. Nikajua anampelekea mjukuu.

Kona zikaanza. Gari lilikuwa kimya, zuri, hakuna kinachogonga, ningeweza kulala. Inosenti akanitazama kwenye kioo chake, na abiria wachache waliokuwa nasi Jumamosi wakaanza kutabasamu, wakijua linalokuja.

"Mzee Springi," akasema, "leo unasikia nini?"

Nikainamisha kichwa nikasikiliza, kwa heshima, kama ninavyofanya kazini. Nyuma kulia hakuna kitu. Nyuma kushoto hakuna kitu. Halafu nikasikia, karibu sana, upande wa dirisha, kitu kidogo kikavu kinavunjika, kisha kingine.

"Nasikia Mama Solange anatafuna karanga," nikasema.

Basi zima lilisikia. Nikangoja anifinye. Yeye akachukua nyingine kwenye karatasi, akaitia kinywani, akaendelea kutafuna, polepole, uso ameuelekeza mbele.